Hive, Zora au Instagram? Neno la mpiga picha za harusi wa Arua Park

Nianze na jibu, maana wengi wanaoniuliza picha waziweke wapi mtandaoni wana haraka. Picha za mteja sizipandishi kwenye programu ya blokucheni kama Hive au Zora, ile inayolipa kwa sarafu za kidijitali, hata ikilipa. Picha zangu mwenyewe, za soko, za mto, za vyano vya kusuka vya akina mama Wanubi wa Bombo, hizo napandisha na sijuti. Na mteja mpya, yule anayelipa kodi ya kibanda, bado ananijia kwa WhatsApp na Instagram. Mwenye haraka aishie hapo. Mwenye nafasi avute kiti.

Kibanda changu kiko karibu na Arua Park hapa Kampala, yanaposhukia mabasi ya West Nile na kupakiwa malori ya Juba. Wateja wangu ni watu wa Arua na Koboko, Wakongo, Wasudani Kusini, wanajeshi wastaafu na wake zao. Kiganda tunakijua sote, ila bei tunapatana kwa Kiswahili. Napiga harusi, kwanjula (ile sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba), mahafali na picha za pasipoti. Vijana wa hapa stendi ndio walioniletea habari: Mama, kuna programu ukiweka picha inakulipa, hakuna mzungu wa katikati. Nikasema tuone.

Niliyoikalia muda mrefu ni Hive, kwa hiyo nitaisema kwa kirefu. Hive si programu moja, ni mtandao wenye programu nyingi juu yake. Kuna PeakD, kuna Ecency ambayo inakaa vizuri kwenye simu, na kuna Liketu iliyotengenezwa kwa ajili ya picha. Akaunti ni moja. Ukiingia kwa hii au ile, unakuta picha zako zile zile, wafuasi wale wale, salio lile lile.

Blokucheni yenyewe ni daftari. Fikiria daftari la mkopo la duka la mtaani, ila badala ya kukaa chini ya meza ya mwenye duka, kila jirani ana nakala yake, na kwa Hive kila sekunde 3 unaandikwa ukurasa mpya kwenye nakala zote. Mwenye duka hawezi kung'oa ukurasa wa jana bila mtaa mzima kujua. Hiyo ndiyo sifa yake, na nitakavyoeleza mbele, hiyo ndiyo balaa yake.

Sasa fedha. Ukipandisha picha, watu wana siku 7 za kuipigia kura. Kura hazilingani. Mwenye akiba kubwa ya Hive Power, yaani sarafu ya mtandao huu, HIVE, iliyofungiwa kwenye akaunti, kura yake moja yaweza kuzidi za watu wa kawaida mia, na huyo huyo akichukia kitu anaweza kupiga kura ya kushusha malipo yako. Siku ya 7 hesabu inafungwa. Tuseme chini ya picha pameandikwa dola 1. Nusu ni ya waliopiga kura. Zinabaki senti 50. Katika mpangilio wa kawaida, nusu ya hizo unapewa kwa HBD, sarafu iliyopangwa ikae karibu na dola moja, na nusu nyingine inaingia kwenye Hive Power, ambayo ukitaka kuitoa inatoka kidogo kidogo kwa wiki 13. Kwa hiyo dola uliyoiona kwenye skrini, unayoweza kuitumia wiki hiyo ni senti 25. Kwa shilingi zetu ni kama 900. Rolex ya mayai mawili, ile chapati iliyokunjwa na mayai, hapa stendi hupati.

Na hizo 900 bado haziko kwenye simu. Unabadilisha HBD kuwa HIVE, unapeleka kwenye soko la kripto, unageuza kuwa sarafu ya dola, kisha unatafuta mtu wa kukununulia ana kwa ana akutumie mobile money. Binance iliwahi kuwa na soko lake la Uganda, likipokea shilingi moja kwa moja. Lilifunguliwa 2018, likafungwa 2020. Kisha Aprili 2022 Benki Kuu ikaziandikia kampuni za malipo kwamba zisisaidie kugeuza kripto kuwa fedha za simu. Haikumkataza mtu binafsi kuwa nazo, ila iliziba ile njia fupi. Siku hizi unashughulika na mgeni usiyemwona sura, unaomba Mungu asikuletee fedha za wizi. Ukifika kwa wakala, kuna ada yake na kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa. Kwa kiasi kidogo, ada zinakula nyama na mfupa. Mimi zangu nimeziacha humo zijikusanye.

Nisiwe mwizi wa fadhila, lakini. Kuna kitu Hive ilinipa ambacho sijakipata kwingine. Niliweka picha za vile vyano vya Bombo, vyenye duara za rangi zinazokimbiana hadi katikati, nikaandika aya kadhaa namna mama mmoja anavyoanza na kitovu na kwenda akizunguka. Msusi mmoja wa Venezuela akaniuliza rangi inatiwa kabla ya kusuka au baada. Mwingine akauliza kama mifuniko inasukwa na mtu yule yule. Maswali ya watu waliotazama! Kule watu wanapenda maelezo, picha tupu isiyo na neno inapita kimya. Wavenezuela wako wengi mno Hive, na wanajua kuongea. Kwenye Instagram picha ile ile ilipata mioyo myekundu mingi, na swali moja tu la bei ya kiti kilichoonekana nyuma.

Ila msusi wa Venezuela hataoa Kampala. Hapo ndipo hesabu ya biashara inapokuja. Instagram hailipi mpiga picha kwa picha aliyopandisha, ila bibi harusi wa Ntinda yuko humo, na dada zake wako humo, na fundi wa magauni ya gomesi yuko humo. Status ya WhatsApp ndiyo yenye nguvu zaidi ya vyote, ingawa wanaoandika kuhusu mitandao huisahau. Naweka picha tatu za harusi ya Jumamosi, Jumapili jioni nina ujumbe: Dada, tarehe fulani uko huru? Amana inaingia kwa mobile money kabla sijamaliza chai. Hakuna daftari la majirani lililowahi kunifanyia hivyo.

Zora nitaisema kwa ufupi. Ilianza 2020 kama soko la NFT, zile hati za kidijitali za umiliki zinazouzwa kwenye blokucheni, na sasa iko juu ya Base, blokucheni ya kampuni ya Coinbase. Toka 2025 kila unachopandisha kinageuka sarafu: vipande bilioni 1, mwenye picha anapewa milioni 10, vingine vinaachwa sokoni watu wanunue na kuuza. Wapo wasanii wanaoipenda na sina ugomvi nao. Mimi niliweka picha ya kivuko cha Laropi, abiria wamesimama na baiskeli, Nile ya kijivu nyuma yao, na pembeni mwa picha kuna bei inayopanda na kushuka. Siwezi kufanya kazi hivyo. Ukiniambia picha imeshuka thamani tangu asubuhi nitaanza kujiuliza kama baiskeli zilikosea kusimama.

Na Instagram yenyewe iliwahi kuonja. Mwaka 2022 Meta waliwaruhusu watu kuonyesha NFT humo, Machi 2023 wakatangaza kwamba wanaacha. Kabla ya hapo Januari 2018 jina la Kodak lilipewa KodakOne na sarafu yake KodakCoin, ahadi ikiwa kuwalindia wapiga picha haki zao na kuwalipia kila matumizi. Hisa za Kodak ziliruka kwa tangazo lile tu. Wapiga picha tunajua yaliyofuata: hakuna.

Nije kwenye jambo lililoniamulia.

Nilimpiga binti mmoja picha za kwanjula. Familia mbili zimekaa kwenye mahema, kanzu zimepigwa pasi, vikapu vya zawadi vimepangwa hadi kwenye geti. Picha nzuri kweli, niliziweka kila mahali kwa ruhusa yake. Ndoa haikufika. Muda ukapita, akanipigia usiku, sauti ya chini.

“Dada, samahani kukusumbua. Zile picha nakuomba uzitoe zote. Kuna watu wa upande mwingine wanakuja nyumbani.”

Nikamwambia lala salama, kesho hutaziona. Instagram nikafuta. Facebook, ambayo hapa imefungwa, nikaingia kwa VPN, ile njia ya kukwepa kizuizi, nikafuta. Status ya WhatsApp ilikuwa imejifuta yenyewe zamani baada ya saa 24. Siwezi kuapa kwamba hakuna shangazi aliyezihifadhi kwenye simu, lakini anayetafuta jina lake kwenye ukurasa wangu hakuti kitu. Kazi iliisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Nikajiuliza, je, zingekuwa kwenye Hive? Picha za wateja nilikuwa sijaanza kuzipeleka huko, basi nikafanya jaribio na kiatu changu cha kazi. Nikakipiga picha, nikakipandisha na sentensi mbili, nikabadilisha maandishi, kisha nikafuta. Kwenye programu ukurasa ulitoweka, safi. Halafu nikafungua tovuti ya kuchungulia bloku, yaani kurasa za daftari, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila akaunti. Maandishi ya kwanza yalikuwepo. Mabadiliko yalikuwepo. Agizo la kufuta nalo limeandikwa, na saa yake hadi sekunde. Na anwani ya picha ilikuwepo pia, nikaibonyeza, kiatu hicho hapo.

Hilo si kosa la programu, ndivyo daftari lilivyo. Kufuta ni mstari mwingine unaoongezwa chini, wa juu haukatwi. Kwa kiatu ni kichekesho. Kwa binti anayetafuta kuanza upya ni jambo zito, na mama mkwe wa siku hizi ana mpwa anayejua kutafuta. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Akija mteja kibandani na sheria hiyo mkononi, nimwambie nini? Kwamba nakala ziko kwa majirani dunia nzima na sijui nyumba zao?

Kwa sababu hiyo mkataba wangu wa karatasi moja sasa una mstari wa Kiswahili unaosema wazi: picha zenye sura ya mteja haziandikwi kwenye blokucheni. Wengi hawaelewi, wanatia saini tu. Mama mmoja wa Koboko aliuliza kama hiyo ni aina ya ugonjwa.

Watu wanafikiri pia kwamba picha yenyewe inalala ndani ya blokucheni. Hailali. Bloku moja ya Hive ina kikomo cha kilobaiti 64 hivi. Picha moja kutoka kwenye kamera yangu ni megabaiti nyingi, haiingii hata kwa kusukumwa. Kinachoandikwa ni maneno na anwani, picha inakaa kwenye seva ya kawaida kama za Instagram tu. Siku seva ikizimwa, daftari litakumbuka milele kwamba kulikuwa na picha, na picha haipo. NFT nyingi ni hivyo hivyo. Wengine hutumia IPFS, mtandao wa kuhifadhi mafaili ambako faili linatafutwa kwa alama ya faili lenyewe na si kwa jina la seva. Ni mpango mzuri, ila lazima awepo mtu anayekubali kulihifadhi, na kuhifadhi kuna gharama. Kwa hiyo kinachodumu ni aibu, kinachopotea ni kazi. Nisamehewe ukali, nilikasirika kidogo siku nilipolielewa hilo.

Haki ya mwenye picha je? Hii ndiyo hoja ninayoletewa zaidi na vijana: ukipandisha, muda unaandikwa, hakuna wa kukuibia. Nina kisa. Picha yangu ya soko la Arua niliikuta kwenye kalenda, imechapwa Nasser Road, jina langu hakuna. Mchapaji, sitamtaja, akaniambia aliitoa kwenye intaneti, kama vile intaneti ni shamba la bibi yake. Sikumwonyesha bloku yoyote. Nilimwonyesha faili ghafi la kamera na picha nane zilizotangulia na kufuata ile, mwanamke yule yule akigeuza mihogo. Akalipa. Muda wa kwenye daftari unathibitisha nani alipandisha na lini, hauthibitishi nani alisimama sokoni na kamera. Mwizi mwenye mbio angeweza kunitangulia kupandisha, na daftari lingemwandika yeye kwa uaminifu ule ule. Hakimiliki ya Uganda, kwa sheria ya 2006, inaanza kazi inapofanywa, na ukitaka cheti kuna URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Hifadhi faili ghafi. Za Instagram hazikufai kwa ushahidi, picha inapunguzwa upana hadi pikseli 1080 na taarifa za kamera zinaondolewa.

Mpaka hapa nimekuwa mkali kwa upande mmoja, na haki yake blokucheni lazima nimpe, maana sisi Uganda tunajua kufungiwa. Toka Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili tu kufungua WhatsApp na wenzake, mpaka kodi hiyo ilipobadilishwa 2021 kuwa asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti ilizosema zina uhusiano na serikali. Uchaguzi ukapita, miaka ikapita, Facebook bado ni ya wenye VPN. Fikiria mtu aliyejenga wateja wake wote humo. Fikiria kazi kama ya HIPUganda, waliokusanya picha za zamani za nchi hii toka 2011 na kuzionyesha watu Facebook, ambako wazee walikuwa wakiandika chini ya picha huyu ni nani na pale ni wapi. Watu wawili wagombane, na mlango unafungwa kwa wote.

Linganisha na yaliyotokea 2020. Hive wakati huo haikuwepo, kulikuwa na Steem, iliyoanza 2016. Tajiri Justin Sun akainunua kampuni ya Steemit, na pamoja nayo akiba kubwa ya kura. Watumiaji hawakumtaka. Machi 2020 wakanakili daftari lote, machapisho, wafuasi na masalio ya karibu kila mtu, wakahamia Hive na vyombo vyao vyote. Akiba ile yenye ugomvi hawakuihamisha. Jaribu kuhama Instagram na wafuasi wako uone. Hilo nalivulia kofia, na ndilo linalonifanya nisifute akaunti.

Lakini tusidanganyane. Januari ile ile ya 2021 intaneti nzima ilizimwa kwa siku kama tano. Daftari likiwa na nakala elfu duniani, na wewe huna waya wa kulifikia, una nini? Nilikuwa na kamera yangu na kadi yake, basi.

Mambo madogo mawili ambayo matangazo hayasemi. La kwanza ni zuri. Hive inakupa funguo zaidi ya moja: wa kupandisha na kupiga kura, wa fedha, na wa umiliki wenyewe. Kijana wangu wa kibandani nimempa ule wa kupandisha tu. Anaweka picha, anajibu Wavenezuela, na senti hawezi kugusa. Kwenye mitandao ya kawaida nikimpa nenosiri nimempa nyumba. La pili si zuri. Salio lako liko hadharani, mtu yeyote akiandika jina la akaunti anaona una ngapi. Mwenye nyumba wangu ni mzee wa heshima na hatumii kompyuta, namshukuru Mungu kwa hilo.

Na funguo zikipotea, karibu hakuna wa kumpigia simu. Simu inanyakuliwa Arua Park kabla hujamaliza kusema haló. Nimeona mtu akilia hapa kwa maneno 12 ya pochi yake ya kripto, ambayo ndiyo ufunguo wake, yaliyokuwa kwenye simu hiyo tu.

Anayetaka kujaribu Hive kwa picha zake mwenyewe: akaunti ni HIVE 3 ukinunua, au mwenye akaunti ya siku nyingi anaweza kukufungulia kwa tiketi zake bila kulipa. Zangu zimebaki. Njoo siku ya kawaida, si Jumamosi, uje na kalamu na karatasi mbili, moja ya kukaa kwako na moja ya kukaa kwa mama yako. Funguo tunaziandika kwanza, picha baadaye.